Profesa wa Ruleti

Mke alikuwa macho usiku kucha, akisubiri habari za mumewe, ambaye mtaani walimwita Profesa kwa kuwa alisomea ruleti, kamari ya gurudumu lenye namba nyekundu na nyeusi, miaka tisa bila kufaulu. Profesa hachezi ovyo kama wajinga wengine. Hukaa kwanza kando ya meza ya kasino akinakili kila namba, kisha hulamba kidole na kufunua kurasa taratibu kama hakimu. Nyumbani huwafundisha watoto kwa sahani na punje ya harage: huizungusha, hufumba macho, hutabasamu. “Nyeusi ikitoka mara sita, mama watoto, nyekundu nayo itaona haya.” “Kwani sahani inakumbuka ya jana?” mke humuuliza. “Hesabu hizi si za jikoni.”

Jioni ile aliondoka na ada ya mtihani ya binti yao, ambayo mwisho wa kuilipa ulikuwa asubuhi iliyofuata. Alfajiri akagonga. “Fungua, mama watoto! Gurudumu lile sasa nimelielewa.”

“Ada ya mtoto iko wapi?”

“Ada ndiyo iliyonifundisha. Hebu nipe pete yako, upesi, kabla bahati haijapoa.”

Mke akaukaza mlango kwa komeo la pili, akavua pete ili ikalipe ada, akaenda kumwamsha binti.