Siku Tuliyopima Gesi Uani Kwangu

Wanawake wote waliokuja uani kwangu siku ile walikuwa wameibiwa. Mimi peke yangu sikuibiwa hata harufu.

Na mimi ndiye niliyeitwa mwizi.

Kaa vizuri nikusimulie, maana huku Mikumi kisa hiki kinazunguka kwa namna nyingi, na kote huko mimi ndiye shetani.

Naitwa Yunis, ila ukifika kwenye maegesho ya malori ulizia Mama Editha. Nauzia madereva wali, ugali na nyama ya kukaanga. Chakula changu cha kawaida tu, sikudanganyi. Watu wanafuata stori. Nani kaachika Ruhembe, nani kakimbia deni la kikoba Kidodi, dereva gani ana mke kila penye mzani. Habari natoa bure, sahani unalipia.

Jioni wanawake wa mabanda yote wanahamia uani kwangu. Pakiwa kimya, mimi naumwa kabisa.

Zamani wote tulipikia mkaa. Mkaa ukaanza kupanda, mara kibali, mara ushuru, mara mgambo wamekamata magunia. Akaja bwana mmoja wa ofisini, gari vioo vimefungwa, akatuambia tuhamie gesi, nishati safi.

Paulina, anayeuza supu jirani yangu, akamuuliza, "Baba, na bei yake nayo ni safi?"

Akasema swali zuri sana. Akapanda gari.

Tukahamia gesi, tungefanyaje. Nayo ikaja na vituko vyake. Ukienda dukani, mzigo haujafika. Ukifika, bei imebadilika toka asubuhi. Ukipiga simu ya huduma kwa wateja, inakuimbia mpaka wali unaungua.

Hapo ndipo Octavian alipoingia.

Kijana mtanashati, kafungua duka la mitungi pembeni ya barabara kuu. Bei yake sawa na wengine, ila analeta mpaka jikoni. Na zaidi ya yote, alikuwa mtani wangu.

Makabila yetu yanataniana tangu enzi za mababu. Mama yangu alipofariki kule milimani Kilosa, Octavian alifunga duka akaja msibani. Kaburi limechimbwa, watu wanalia, yeye akashuka ndani akalala chali. Akagoma kutoka mpaka tumlipe. "Bibi huyu alikuwa na deni langu la ugoro," akasema. Msiba mzima ukacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Mtu aliyelala kwenye kaburi la mama yako unaanzaje kumshuku?

Nikamtangaza. Kila aliyeketi kwenye benchi langu alitoka anajua gesi inanunuliwa kwa nani. Scholastica, shoga yangu wa chapati, nilimpeleka mwenyewe kwa mkono. Paulina hivyo hivyo. Mwisho mabanda yote yakawa ya Octavian.

Mitungi yao ilipelekwa na bodaboda. Wangu aliubeba yeye, begani.

"Shikamoo mtani."

"Marahaba. Umeniletea gesi au umejaza pumzi zako?"

"Pumzi zangu ghali, mtani. Huziwezi."

Ndivyo tulivyoishi.

Baada ya muda Scholastica akaanza kulalamika. "Mama Editha, gesi inakwisha upesi. Huyu mtani wako anatunyonya."

Sasa elewa kosa langu lilipokuwa. Kwetu ukisema mtani wa mtu ni mwizi, huko ni kunogesha mazungumzo. Mimi mwenyewe nilimwita Octavian mwizi, fisi, mla rambirambi, kila siku ya Mungu. Basi nikacheka. "Mwizi ndiyo, na kaburi alitaka kuiba."

"Mimi sitanii, shoga."

"Shida yako moto unafungulia wote. Unakaanga chapati au unachoma matofali? Wangu mtungi unakaa mpaka nausahau. Njoo nikufundishe kupika."

Watu wakacheka. Scholastica hakucheka. Nikamwona, na bado nikaendelea.

Wiki zikapita. Uani watu wakaanza kupungua. Nikikaribia kundi la wanawake, mazungumzo yanageuka yanakuwa ya mvua. Mimi, ninayejua mimba ya mtu kabla mume hajajua, nikawa sijui kinachosemwa mita chache toka jikoni kwangu.

Aliyenifungua masikio ni Hussein, mnunuzi wa mpunga kule Kilangali, anayekula kwangu akipita.

"Dada Yunis, kina mama wanasema mtani wako anawapunja gesi. Wanasema na wewe una fungu lako humo."

Nikauweka mwiko chini.

"Fungu gani?"

"Mimi nimekuletea kama nilivyosikia."

Nilikasirika, lakini si Octavian niliyemkasirikia. Niliwakasirikia wenzangu, kula kwangu, kunywa kwangu, halafu kunichafua. Nikaapa nitawaumbua hadharani, nimsafishe mtani wangu na mimi nisafike naye.

Nikamwomba Hussein aje na ile mizani yake ya kuning'iniza magunia. Octavian alipogawa mzigo mpya, nikapita banda kwa banda. "Msivunje lakiri za mdomoni. Leteni mitungi yote kwangu, tupime, aibu imwendee mwenye nayo." Nikapika na pilau. Kweli, nikawapikia pilau kabisa.

Walikuja wote. Uani pakajaa kama zamani, madereva wamesimama wanaangalia, na moyo wangu ukafurahi, mjinga mimi.

Hussein akaning'iniza mizani kwenye boriti. Akaeleza: kila mtungi umepigwa chapa shingoni uzito wake ukiwa mtupu. Jumlisha kilo za gesi unayonunua, unapata uzito unaotakiwa. Hakuna uchawi.

"Anza na wangu," nikasema.

Akaupandisha. Akatazama. Akatazama tena.

"Umetimia?" nikauliza kwa sauti, wasikie mpaka wa barabarani.

"Umetimia," akasema Hussein. "Na umezidi kilo mbili."

Nikapiga makofi. Naomba uelewe hilo. Nilipiga makofi, nikawageukia. "Mnamwona mwizi wenu? Anazidisha."

Scholastica akasukuma mtungi wake mbele.

Pungufu kilo tatu.

Wa Paulina, pungufu kilo tatu. Wa Selestina muuza samaki, pungufu vilevile. Hussein akawa anapandisha na kushusha, na kila ulioshuka ulikuwa umenyonywa. Lakiri zote nzima, zimebandikwa upya vizuri sana. Mbele ya macho yangu makofi yale yalikuwa yananirudia moja moja.

Paulina ndiye aliyesema. "Kwa hiyo zile kilo za kwetu zilikuwa zinapikia kwako."

"Paulina, wallahi mimi sijui."

"Ulituambia hatujui kupika."

Nikampigia Octavian hapo hapo, simu nikaiweka sauti ya nje ili wasikie anavyonisafisha. Nilitaka aseme tu kwamba mimi sijui chochote.

"Mtani, mitungi ya wenzangu imepungua. Nipo nao hapa. Umefanya nini?"

Akacheka, kile kicheko chetu.

"Mama Editha, wewe wako umepungua?"

"Haujapungua. Umezidi."

"Sasa unalia nini? Ulifikiri umahiri wa kupika ndio uliokuwa unaikalisha ile gesi? Wateja uliniletea, na mimi nimekulipa kila mwezi. Mtani hadhulumiwi."

"Nilikuambia unilipe?"

"Na uliniambia nisizidishe?"

Akakata.

Pilau hakuna aliyeigusa. Scholastica aliingia jikoni kwangu, akachukua kikaango chake alichoniazima, akakifuta kwa kanga yake.

"Shoga, unaniamini au huniamini?" nikamwuliza.

"Nilikuambia sitanii," akasema. "Ungeweza kuniita pembeni, unisikie peke yako. Ukanifanya kichekesho mbele ya watu."

Akaondoka. Ningeweza kumlaumu Octavian mpaka kesho, lakini hilo lilikuwa kosa langu mimi.

Kesho yake nikafunga banda, nikapanda gari mpaka Kilosa mjini kushtaki. Ofisi moja ikanipeleka ya pili, ya pili ikasema mhusika yuko semina. Nikakaa kwenye benchi mpaka nikampata dada mmoja mwenye miwani.

"Mama, umepunjwa kiasi gani?"

"Mimi sijapunjwa. Mimi nimezidishiwa."

Akavua miwani. "Sasa unalalamikia nini?"

"Wenzangu wamepunjwa."

"Basi wenzako waje, na mitungi, na risiti. Mlalamikaji ni aliyepata hasara."

Risiti Octavian alikuwa hatoi, na sisi hatukuwahi kudai, maana nani anamdai mtani risiti? Nikarudi nikawaomba wenzangu twende pamoja. Selestina akanijibu akiwa anaparua samaki, hata uso hakuinua: "Tangulia wewe. Si wewe ndiye unayejuana naye."

Octavian alifunga duka wiki hiyo hiyo, hakuna aliyemgusa. Nasikia yuko mji mwingine hukohuko barabara kuu, na gesi yake inasifiwa na mama mmoja muuza chakula, mchangamfu kweli, banda lake halikosi watu. Namba ya huyo mama nimeitafuta, nimeipata, nikampigia nikamweleza yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada, mbona mimi wangu unakaa mpaka nausahau?" Akanicheka, akakata.

Ndugu msomaji, sikufundishi kuwaogopa wezi, hao unawajua. Nakuambia hivi: bei ikiwaumiza wote, huduma ikiwatesa wote, wewe peke yako ukawa unaona mteremko, usimshukuru Mungu haraka. Nenda kapime. Huenda umelipwa kwa kazi ambayo hujui kama unaifanya.