Barua Iliyomzika Baba Akiwa Hai

Nakumbuka Jumatatu moja, miaka michache baada ya uhuru, chifu wetu alikuja nyumbani kwetu Sio Port, kando ya ziwa karibu na mpaka wa Uganda, kutoa pole kwa kifo cha baba yangu. Alivua kofia tangu langoni, kama inavyotakiwa. Mkononi alikuwa na sukari na majani ya chai. Aliyempokea alikuwa baba mwenyewe, amekaa kwenye kigoda anashona wavu wake uliotoboka.

Mwanangu, kifo hicho nilikileta mimi. Nakueleza kwa sababu nimesikia unajaza fomu za viza, unataka kwenda ng'ambo kuongeza digrii juu ya hiyo uliyo nayo, na najua hakosekani mtu wa kukwambia hapa andika hivi, pale ficha vile. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Usinidharau kwa hilo. Nyumba ya mawe ninayokaa nikiandika haya nimeijenga mwenyewe, na hakuna mtu Busia nzima anayeweza kusema alinishika mkono. Lakini katika mambo ya viza niliwahi kuwa mjinga, na ujinga wangu nusura umkoseshe dada yangu safari.

Dada yangu ni Nabwire, ndiye anayenifuata kuzaliwa. Alikuwa na kichwa, si mchezo. Alipofika umri wa shule, shule nzuri inayopokea wasichana ilikuwa upande wa Uganda, karibu na kwa mjomba wetu Okumu. Shule ile ilitaka watoto wa pale pale. Basi mjomba akamwandikisha kama binti yake, baba akakubali, na hakuna aliyeona ajabu. Sisi watu wa mpakani, siku zile tulivuka kwenda matangani asubuhi na kurudi jioni, wala hatukujua ni wapi hasa tumeiacha nchi moja tukaingia nyingine. Na kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Nabwire akasoma hivyo mpaka chuo kikuu kule Kampala, vyeti vyake vyote vikisema baba yake ni Okumu na kwao ni Uganda.

Halafu uhuru ukaja, kila upande ukapata bendera yake. Nabwire, aliyekuwa amerudi nyumbani anafundisha shule, akachukua pasipoti ya Kenya, na humo baba yake ni Wandera wa Sio Port, maana huo ndio ukweli. Chuo kimoja cha Marekani kikampa nafasi ya kusomea samaki wa maziwa, yeye binti wa mvuvi! Tulicheka na kulia siku hiyo. Ikabaki viza tu. Ubalozi ukarudisha fomu na swali moja: mbona una baba wawili? Alete maelezo yenye mhuri. Chuo kilikuwa kinafungua baada ya wiki tatu, na asipofika nafasi yake anapewa mwingine.

"Niachie mimi," nikamwambia. "Wewe endelea kufundisha, hii kazi ya wanaume."

Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Nilikuwa na baiskeli yangu, nabeba abiria kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, najuana na kila askari wa forodha, nimevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Nikaenda kwa Mzee Salimu, muuza nguo pale mjini, aliyekuwa na mashine ya kupiga chapa kwenye baraza ya duka lake. Watu wote walimwendea na barua zao.

Nikamwambia, "Andika hivi: baba yetu Wandera alifariki dada yangu akiwa mdogo, mjomba akamchukua akamlea kama mwanawe."

Mzee Salimu akainua vidole. "Wandera yupi?"

"Baba yangu."

"Huyu huyu wa samaki? Jumamosi alikaa hapo ulipokaa wewe, akamaliza vikombe viwili vya chai yangu. Hii maiti yenu inakunywa chai?"

"Andika tu, Mzee. Ni karatasi."

"Haya. Mimi kazi yangu ni kupiga chapa. Mchanga wa kaburi utaumwaga wewe."

Nilijua chifu hugonga mhuri bila kusoma, hasa karatasi zikiwa nyingi. Nikaiweka barua katikati ya zile zingine nikamwachia karani wake, nikaenda zangu nikipiga mluzi. Siku hiyo, sijui kwa nini, chifu alisoma.

Ndipo akaja na sukari yake. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naziba pancha, nikasikia sauti yake.

"Wandera, nimekuja na pole."

"Pole ya nini tena?"

"Ya kifo chako. Kumbe ulikufa zamani, na jirani kama mimi hata sikuitwa kuchimba kaburi. Mmeninyima heshima."

Baba akacheka. Hao wawili walikua pamoja, utani wao haukuisha. Chifu akatoa barua mfukoni akaisoma kwa sauti, polepole, akitafsiri Kiingereza chake neno kwa neno. Kicheko kikakauka. Mama akaweka ungo chini. Nikatoka kule nyuma na mikono yangu ya gundi, maana hata kukimbia nilishindwa.

"Ouma," baba akasema, "umenizika?"

"Baba, ni karatasi tu. Mzungu hatujui. Nilitaka Nabwire asikose safari."

"Hapana. Mjomba wake kumwandikisha, hilo nilijua, nilikubali mwenyewe. Kulieleza ni maneno mawili matatu. Mimi umeniua kwa nini? Sema."

Nikaanza kufuta gundi mikononi. Mwanangu, ninakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu kwa miaka mingi. Niliona haya. Niliogopa wale wakubwa watataka kumwona baba wa msomi, na atakayetokea ni mzee wa Sio Port anayenuka omena, wale dagaa wa ziwani, asiyejua kusoma, wa kuweka dole gumba. Nikaona baba aliyekufa atapendeza zaidi kwenye fomu. Mimi, wa darasa la tatu, namwonea haya yeye!

Baba aliona jibu usoni pangu. Hakunipiga. Alisema taratibu, "Basi mimi ni marehemu. Marehemu haingii nyumbani kwa mlango." Kwetu mtu akitangazwa amekufa naye yu hai, haingii ndani mpaka achinjiwe, kifo kile kiondolewe. Akahamisha kigoda chake akakaa nje ya ua wake mwenyewe, anaendelea kushona wavu. Watu wakipita wanauliza, Mzee, mbona umekaa huko? Anajibu, "Muulizeni Ouma."

Nilikuwa na kondoo mmoja, wa kwanza kumnunua kwa jasho langu. Nikamchinja mchana huo huo. Baba akaingia.

Nabwire aliporudi kutoka shuleni alikofundisha, akaisoma ile barua akiwa amesimama. Nilidhani atanipigia kelele. Akasema tu, "Kaka, mzungu angeniuliza, baba yako alikufa lini? Alikufa na nini? Ungetaka nimtazame usoni nimjibu?" Kisha akaingia jikoni kumsaidia mama, na bega lake lilikuwa linatetemeka. Hilo bega liliniuma kuliko kondoo.

Wiki moja ilikuwa imekwisha kupotea kwa ajili yangu. Kesho yake alfajiri baba akavaa koti lake la kanisani, akakaa nyuma ya baiskeli yangu. "Endesha," akasema. "Tangu jana wewe ni dereva wa marehemu." Kutoka Sio Port mpaka Busia, kila tulipopanda kilima nilisikia akicheka peke yake, na kila akicheka nilijua ananisamehe kidogo. Mjomba Okumu alivuka kutoka upande wake akatukuta mjini. Mzee Salimu alipomwona baba alisimama kabisa.

"Karibu, marehemu. Chai?"

"Vikombe viwili," baba akasema.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Ilisema: mimi Wandera ndiye baba, niko hai, huyu Okumu ni shemeji yangu, alimwandikisha mtoto kwa jina lake kwa sababu shule ilikuwa upande wake. Wakaapa wote wawili mbele ya hakimu. Baba akaweka dole gumba akalikandamiza mpaka karani akamwambia, inatosha Mzee, imeshika.

Nabwire alienda nayo Nairobi. Alituambia baadaye kwamba yule ofisa aliisoma mara mbili, akamwuliza kama akimaliza masomo atarudi. Akajibu, "Baba yangu ndiye huyo kwenye karatasi. Nitarudi kwake." Viza ikatoka. Alifika chuoni zikiwa zimebaki siku mbili wafungue.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa nimekuonyesha aibu yangu bure. Mwaka wa pili wa masomo yake baba akaugua, tukaona haponi. Nikapeleka simu ya maandishi. Nabwire akaenda kwa wakuu wa chuo kuomba ruhusa, wakafungua faili lake, na humo ndani baba yake alikuwa hai, ana jina, ana dole gumba. Wakampa ruhusa, akapewa na karatasi za kumrudisha tena. Sasa fikiria ile barua yangu ya kwanza ndiyo ingekuwa humo. Nani angempa mtu ruhusa ya kwenda kumwuguza baba aliyekufa zamani?

Alimkuta. Siku tisa alimlisha uji kwa mkono wake. Mwishoni baba akaniita karibu na kitanda. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini utani haukwisha.

"Ouma. Ile barua yako ya kwanza. Sasa unaweza kuitafutia tarehe."

Nikalia nikicheka. Tulipokwisha kumzika, Nabwire alirudi Marekani akamaliza masomo, na akaja nyumbani kama alivyosema.

Kwa hiyo mwanangu, sikia mtu wa darasa la tatu. Fomu ikikuuliza baba yako ni nani, mwandike alivyo, na kama ni wa dole gumba, weka hilo dole. Karatasi zako zikigongana, usiongeze uongo wa kuzipatanisha. Tafuta waliokuwepo, waseme ilivyokuwa. Yule wa dirishani anataka kuelewa tu, mweleze. Na ukiona unataka kuficha mtu wa kwenu, simama kwanza ujiulize ni viza unayoitafuta, au unaona haya.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie kila mlango utakaoubisha, akutunzie macho ya kusoma na moyo wa kurudi. Na siku utakayorudi, utukute sisi wote tuliomo kwenye fomu yako tungali hai, tumekaa ndani ya ua, chai iko motoni.