Kipande cha Mwisho kwa Mama Fumie

Katika baa ya Mama Fumie, mtaani kwetu Osaka, hakuna anayekula kipande cha mwisho cha kuku kwenye sahani ya pamoja. Ni aibu. Tunasukumiana, "Kula wewe," "Aa, mimi nimeshiba," mpaka kuku anapoa. Hapo Mama Fumie huja akakichukua, akakila amesimama, huku akisonya.

"Unene wangu huu ni adabu zenu," husema.

Mwaka jana aliugua, akarudi kazini amekonda kama kijiti cha mshikaki. Jioni ile hatukupanga neno, lakini kila sahani ilibaki na nusu ya vipande vya kuku.

Akatutazama mmoja mmoja.

"Waongo wakubwa nyie," akasema. Akavuta kiti, akala vyote bila kusonya.