Kuku wa Mapajani mwa Bibi

Miaka ile soko huria lilipofunguliwa nchini, kila mwenye gari jeupe alikuja Singida kutufundisha jambo. Mmoja alitufundisha kunawa mikono, kana kwamba siku zote tulikuwa tunakulia miguu. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, nakaa kwa shangazi yangu Mtinko, alipokuja dada mmoja, mtaalamu wa mradi wa wazee. Alitukusanya kwenye darasa la shule, akagawa soda, akatueleza kwamba mzee aliyepotewa na kumbukumbu hutulia akipewa mnyama wa kumshika. Akatuonyesha picha za wazee wa Ulaya wamelala na paka kitandani. Watu wakacheka mpaka soda zikawapalia. Yeye alidhani tumefurahi.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli, na hakujua anasema nini.

Bibi yangu, mama yake shangazi, alikuwa amesahau karibu kila kitu. Mimi aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, na shangazi, mwanawe wa kumzaa, alimwita mama. Majirani walisema amerogwa. Mchungaji alisema tuombe. Zahanati walisema ni uzee. Niliwasikiliza wote nikaona ujinga ni uleule, umebadilishiwa nguo tu.

Tatizo lenyewe lilikuwa kula. Bibi alifunga mdomo mbele ya bakuli, akawa anakonda huku tunamtazama. Wakati huohuo wachuuzi wa baiskeli walikuwa wakipita kukusanya kuku wa kupeleka Dar es Salaam, na shangazi, aliyekuwa ameigundua biashara, aliwauzia karibu banda zima. Mtetea mmoja wa kijivu walimkataa kwa sababu alikuwa kiwete. Kwa kuwa hakuweza kukimbia, alikaa popote alipowekwa, na siku moja aliwekwa mapajani mwa bibi. Bibi akamfunika kwa khanga, akaanza kumpapasa kifua polepole kama anayetafuta palipo na mafuta, na shangazi alipoleta uji akaunywa wote. Tangu siku hiyo alikula, ila lazima kuku awepo.

Shangazi aliyasema hayo palepale kwenye semina. Mtaalamu hakuweza kukaa kitini kwa furaha. Akaahidi kuja kujionea.

Siku aliyokuja nilitumwa dukani kufuata soda. Niliporudi nikakuta manyoya ya kijivu kwenye beseni, na sufuria inachemka. Mtaalamu alikuwa ndani, anaandika. Nikamuuliza shangazi kama akili zimemruka na yeye.

"Mgeni atoke Dar es Salaam aje ale mlenda kwangu?" alisema. "Na hao waliobaki nani angewakimbiza? Wewe? Tangu uende huko chuoni umewahi kukimbiza nini?"

"Kuku huyo ndiye aliyemleta huyo mgeni, shangazi."

"Basi na ampokee."

Mgeni akala. Akapewa firigisi, ambayo nyumbani kwetu mwanamke haonjeshwi, lakini huyu alikuja na gari. Alipomaliza akanawa, akasifu mchuzi, akaomba sasa aletewe yule kuku wa bibi. Shangazi, bila aibu hata kidogo, akaonyesha sahani kwa kidole. Mtaalamu akatazama mifupa yake. Nilitegemea atalia, au walau atakasirika. Akasema haidhuru, kuku yeyote atafaa, maana alihitaji picha tu.

Nikaenda kukimbiza jogoo. Nilimkimbiza mpaka watoto wa jirani wakaja kutazama. Tulipompakatisha bibi, jogoo akapiga mabawa. Bibi, ambaye hakujua jina lake mwenyewe, alimbana mabawa kwa mkono mmoja, akamnyoosha shingo kwa mwingine, akamtazama mgeni. Kisha akamgombeza shangazi kwa Kinyaturu: mtu amekaa tangu asubuhi hajawekewa kitu mbele yake, kisu kiko wapi?

"Bibi anasemaje?" mtaalamu akaniuliza.

Nikamwambia amefurahi sana kumwona. Akapiga picha, akaondoka.

Jioni bibi alifunga mdomo. Kesho yake pia. Tulimpakatisha mtetea mwingine, akaruka akaenda zake. Tukamfunga kuku miguu kwa kamba, lakini bibi akaifungua, maana hakupenda kuona kuku amefungwa bila safari. Tukarudia, akafungua tena. Uji ukapoa, ukaota ngozi juu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na alipogeuza shingo mishipa yote ilionekana.

Hapo nikatoa elimu yangu. Nilimweleza shangazi kwamba kuku hazoei mtu kwa siku moja, kwamba inabidi kuanza na kifaranga, kumlishia mkononi, kumzoesha sauti na harufu ya bibi kidogokidogo. Nilieleza vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza itachukua muda gani.

"Miezi kadhaa," nikasema.

"Na huyu ana miezi?"

Alikwenda bandani, akarudi na mtetea bora kuliko wote waliobaki, yule ambaye wachuuzi walikuwa wanambembeleza awauzie na yeye anakataa. Akachuchumaa nyuma ya jiko, akanipa mgongo. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu kikivunjika, halafu kelele za kuku, halafu kimya. Alipoinuka, mguu mmoja wa kuku ulikuwa umefungwa kipande cha mti na kitambaa.

Akamweka mapajani mwa bibi. Kuku alitetemeka, hakwenda popote. Bibi akamfunika kwa khanga, mkono ukaanza kutembea kifuani.

Shangazi akanisukumia bakuli.

"Mlishe wewe," alisema. "Mimi nakwenda kunawa mikono."

Bibi akafungua mdomo.