Fahali wa Verna Kubicek Aliyekufa Maji

Verna Kubicek alikuwa na ulimi wa shubiri kwa yeyote aliyepokea fedha za maafa. Mvua ya mawe ikipiga mahindi, au ukame ukiunguza soya, wenzake walikwenda ofisi ya kilimo ya kaunti kuomba fidia; yeye alibaki juu ya trekta akiwasuta, "Nendeni mkanyonyeshwe!" Alikuwa mjane, mfupi, mbishi, na pande zile za Nebraska hakuna aliyethubutu kumjibu.

Ndipo mwezi Machi mto ukavunja kingo. Maji yalipopungua, ng'ombe wake sita walikuwa wamekufa matopeni, uzio umezolewa, na fahali wake Baroni, mweusi, shingo kama gogo, hakuonekana hata kwato. Verna alimlilia kuliko alivyomlilia marehemu mumewe, na mwenyewe hakuficha. Lakini ng'ombe waliosalia walitaka nyasi, na nyasi nazo zilikwenda na maji. Akameza maneno yake, akajifunika kitambaa ili asitambulike, akaingia ofisini. Ofisi nzima ikamsalimu kwa jina.

Kwa mnyama asiyeonekana mzoga, sheria ilitaka shahidi. Jirani yake wa nyuma ya kilima, Alvin Hruska, alijitolea upesi mpaka Verna akashangaa.

"Nilimwona kwa macho yangu akichukuliwa na maji," Alvin alimwambia afisa, msichana mrefu aitwaye Jolene, waliposimama ukingoni mwa mto. "Alikuwa ananitazama, dada. Kama ananiaga."

Verna akapenga kamasi. "Mungu akubariki, Alvin. Na vile nilivyokusema!"

"Yamepita hayo, mama."

Hapo ukasikika mlio mzito kutoka nyuma ya kilima. Verna akashusha leso.

"Alvin. Nini hicho?"

"Treni."

"Treni gani? Reli iling'olewa tukiwa watoto!"

"Basi radi."

Angani hapakuwa na wingu hata la dawa.

Verna akakipanda kilima mbio, buti zikizama topeni, Jolene nyuma yake, na Alvin mwisho kabisa, akiwasihi wapunguze mwendo kwa ajili ya moyo wake. Upande wa pili, katikati ya mitamba wa Alvin, Baroni alisimama amenawiri kama bwana harusi.

"Alijileta mwenyewe!" Alvin akahema. "Na hawa wangu hawana dume, mama. Nikasema amalize kwanza, ndipo nimrudishe."

"Amalize! Ungemrudishaje, na umeshamzika mbele ya serikali?"

"Hapo ndipo nilipokuwa sijafika."

Jolene alijitahidi kukunja uso, akashindwa, akacheka mpaka akachuchumaa. "Shukuru hujatia sahihi, mzee," alisema akijifuta machozi. "Ungekwenda kula ugali wa jela."

Verna alilipwa ng'ombe sita na uzio, basi. Jumamosi yake aliwanunulia kahawa mkahawani wote aliowahi kuwasuta, na watu walikuwa wengi. Alvin naye alichimbia nguzo za uzio ule kwa mikono yake kiangazi kizima, Verna amekaa kivulini akimwonyesha zilizopinda.

Kazi ilikuwa kwa Baroni. Alimtazama Verna kama mgeni, akakataa kutoka. Ikabidi mitamba wawili wa Alvin watangulizwe mbele ili naye afuate. Mitamba hao wako kwa Verna hadi leo, na Alvin hajathubutu kuwaulizia.