Pilipili kwenye Chakula cha Mbwa

Jumanne, Sindeni. Asubuhi ukungu, kisha jua kali.

Leo mjomba amenichefua!

Mbwa wangu Tambo ndiye anayelinda mahindi yetu dhidi ya nguruwe mwitu. Mwezi mzima nampikia pumba na dagaa, hata mbavu zikaanza kujificha.

Asubuhi mjomba akamtilia pilipili.

"Mbwa hashibishwi, mpwa wangu. Awe mkali! Jeshini kwa Mwingereza tulifanya hivyo."

Mkali wapi! Tambo alikimbilia mtoni kunywa maji. Nguruwe wakaingia mchana kweupe, wakala mistari mitatu.

"Dagaa zako zimemlegeza," mjomba akasema.

Nikampakulia ugali wenye pilipili ileile.

"Karibu, mjomba. Ule, ukalinde shamba."

Hakula. Alichukua mkuki, akaenda.

Nyie mngemfanyaje?

Nazima taa saa nne. Bado analinda.