Mtunza Bwawa la Perege

Mtunza bwawa la misheni kule Kilolo hakuwa mtu wa kelele. Kila asubuhi Esta, mpishi, alipomletea pumba, alimkuta amechuchumaa ukingoni, kiwiko kimezama majini akipima ubaridi, kisha akinusa tope lililoganda vidoleni. Pumba aliwarushia perege kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi. "Dada, wakibakiza, maji yanaoza," alimnong'oneza. Hata mfereji wa kutoka kijitoni hakuufungua kwa pupa, maana samaki, alisema, hushtuka maji yakibadilika ghafla. Ndivyo bwawa lile lilivyodumu tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe, wakati mabwawa ya majirani yalishageuka vinamasi.

Siku moja, baada ya mvua kubwa, Esta alisikia sauti asiyoijua. "Dada Esta! Lete ndoo! Ita watu!" Matope yalikuwa yameziba mfereji, na perege walielea juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Mtunza bwawa alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, akiyapiga kwa matawi huku akipaza sauti kama yuko mnadani. Wanawake wakachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa, wanaume wakafukua mfereji mpaka maji mapya yakaingia kwa kishindo. Samaki wakaanza kuzama tena, wazima. Esta akawa anatweta na kucheka kwa pamoja. Mara yule bwana akamshika mkono. "Tazama, dada!" Pale mferejini, maji yalipoanza kung'aa, perege jike alifumbua kinywa, na wingu la vifaranga aliokuwa amewahifadhi humo likamtoka, likatawanyika bwawani.